Deni Lenye Ubishi Mikononi mwa Msimamizi wa Mali

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya Handeni na Korogwe, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tulipoombwa kusema machache katika sikukuu hii, wengi walitazamia kwamba tutasoma hesabu ya magunia tuliyouza na maghala tuliyojenga. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na apendaye atazisoma kwa nafasi yake. Sisi tumechagua kusema juu ya jambo lisilopendeza sana sikukuuni, nalo ni mahindi ya wanachama wetu yaliyouzwa kwa mkopo kwa watu wawili wenye ubia, na jinsi deni lile lilivyoangukia mikononi mwa msimamizi wa mali aliyewekwa na mahakama. Wamo humu ukumbini watu ambao jasho lao lilikuwamo katika magunia yale. Wao wanajua kwa nini tunalisema jambo hili hadharani wala hatulisemi pembeni.

Majina ya wabia hao hatutayataja. Mmoja alikuwa mkaaji wa Handeni, na wa pili mkaaji wa Korogwe. Walikuwa na lori moja na mashine moja ya kusaga, na mgawanyo wao wa kazi ulikuwa wa akili: yule wa Handeni alinunua mahindi, na mwenziwe aliuza unga katika maduka ya barabara kuu, upande huu mpaka Segera na upande ule mpaka Mombo. Walituandikia barua, wote wawili wametia sahihi, wakitaka magunia 240 ya kilo mia mia, kwa bei ya shilingi 50,000 kila gunia, nao watalipa kadiri wanavyouza unga.

Msimu ule ulikuwa mwema na ghala lilijaa. Kila mkulima wa Handeni ajua maana ya ghala lililojaa mahindi wakati dumuzi wamekwisha kuingia: kila juma upitalo, gunia hupungua uzito bila ya mtu kuligusa. Kwa hiyo tulikubali haraka. Hatukuomba dhamana, wala hatukuomba malipo ya kwanza. Tunakiri kwamba tuliwaogopa dumuzi kuliko tulivyouogopa mkopo.

Mzigo wa kwanza ulikuwa magunia 100, na wa pili magunia 80. Kila mzigo ulikuwa na hati ya kupokelea, yenye muhuri wa ubia na sahihi ya mmoja wao. Mzigo wa tatu ulikuwa magunia 85, na karatasi yake ilikuwa ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye sahihi ya yule mbia wa Handeni peke yake, bila muhuri. Fedha tulizopokea kwa njia ya simu zilikuwa shilingi 3,000,000 baada ya mzigo wa pili, na shilingi 2,500,000 baada ya mzigo wa tatu. Basi kwa hesabu yetu tulikuwa tukidai shilingi 7,750,000. Kisha wabia wakagombana, simu zao zikazimwa, na lori likaonekana limesimama chini ya mwembe, halina betri.

Yule wa Korogwe ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba ubia uvunjwe. Mahakama ikaona kwamba mali itaharibika endapo itaachwa mikononi mwa watu wasiosemezana, ikaweka msimamizi wa mali. Yafaa tueleze hapa huyu ni nani, maana vijijini palizuka maneno mengi. Si mfilisi kama yule awekwaye na Mrajis wakati chama cha ushirika kinapofutwa, ingawa kazi zao hufanana. Katika habari za biashara huitwa pia mrasimu, na kuna wengine wa namna yake ambao huwekwa na benki yenye rehani. Huyu wetu aliwekwa na mahakama, kwa uwezo uliomo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966. Mtu kama huyo hutakiwa kutoa dhamana, huandika hesabu ya kila senti na kuipeleka mahakamani, na akiharibu mali kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa hulipa mwenyewe. Ujira wake hupangwa na mahakama, nao hutoka katika mali ile ile. Wengine walidhani ametumwa na yule mbia aliyefungua shauri, na sisi, kwa ujinga wetu, tulidhani amekuja kututetea sisi wakulima. Hakuwa wa upande wowote.

Alikuwa wakili kutoka Tanga, mtu wa maneno machache. Akabandika tangazo mahakamani, sokoni, na juu ya mlango wa mashine, na akalitoa gazetini, kwamba kila mwenye kuudai ubia ule alete madai yake kwa maandishi, pamoja na hati zake na kiapo, kabla ya siku iliyotajwa. Madai yalikuja mengi. Muuza dizeli alikuja, fundi wa lori alikuja, mlinzi wa mashine alikuja na mishahara yake ya miezi mitano. Ndugu mmoja wa mbia alidai kwamba aliwakopesha shilingi 2,000,000 taslimu usiku, bila karatasi na bila shahidi. Huyo alikataliwa, na sababu ya kukataliwa akaandikiwa, akaambiwa kwamba akitaka anaweza kuipinga mbele ya mahakama. Hakuonekana tena.

Yule wa Handeni naye alileta dai lake, kwamba alitia fedha zake za mfukoni kununua tairi za lori. Akajibiwa kwamba dai lake laweza kuwa kweli, lakini zamu yake bado. Hiyo ndiyo kanuni ya ubia unapovunjwa: watu wa nje hulipwa kwanza, wakiisha, wabia waliokopesha ubia hurudishiwa mikopo yao, kisha hurudishwa mitaji, na kikibaki kitu hugawanywa kama faida ilivyokuwa ikigawanywa. Sheria hii imo ndani ya Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961. Kabla ya hapo Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, nayo pia iliweka mambo ya ubia ndani ya mikataba, na ndiyo maana atafutaye sheria ya ubia kwa jina lake haioni. Tangu mwaka 2021 imeamriwa kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na sisi wa vyama vya ushirika huenda ndio wenye haja kubwa kuliko wote ya kulifurahia jambo hilo.

Sasa tuje kwenye deni letu. Wajumbe wetu watatu walikwenda Korogwe na daftari kuu, wamevaa vizuri, na wana hakika kwamba watarudi na hundi. Msimamizi alikuwa na majalada matatu mezani. Katika la kwanza mlikuwa na madai yaliyokubaliwa na wabia wote wawili. Katika la pili mlikuwa na yaliyokataliwa. La tatu lilikuwa la madai yenye ubishi, na karatasi zetu ziligawanywa baina ya jalada la kwanza na la tatu.

Kwanza alituuliza kama na sisi tunadaiwa na ubia. Tukasema hapana. Akafungua kitabu cha safari za lori, akatuonyesha kwamba lori lile lilituletea mbolea kutoka Tanga mara tatu, na nauli ya shilingi 450,000 haikulipwa. Ilikuwa kweli. Katika daftari letu nauli ile iliandikwa ukurasa mwingine, kwa mwandiko wa karani mwingine. Pande mbili zikidaiana, madeni hukatana, na salio tu ndilo lidaiwalo. Dai letu likashuka mpaka shilingi 7,300,000, na heshima yetu ikashuka pamoja nalo.

Jambo la pili lilikuwa zile shilingi 2,500,000 zilizolipwa mwisho. Zilikuwa malipo ya mzigo upi? Swali hili liliwachukiza wajumbe wetu. Waliona kwamba fedha ni fedha. Lakini mbia wa Korogwe alikuwa akisema kwamba mzigo wa tatu haumhusu. Kama fedha zile zililipia mzigo wa tatu, basi sehemu kubwa ya mizigo miwili ya kwanza, isiyo na ubishi, bado inadaiwa, naye analazimika. Kama zililipia mzigo wa kwanza, deni lisilo na ubishi ni dogo, na lile lenye ubishi linabaki lote.

Sheria yetu yasema hivi: mdeni mwenye madeni kadhaa akilipa, yeye ndiye mwenye kusema alipia lipi. Asiposema, mdai aweza kuchagua. Wote wawili wasipochagua, malipo huhesabiwa kwa madeni kufuata tarehe zake, la kale mbele. Shauri maarufu juu ya jambo hili liliamuliwa London mwaka 1816. Palikuwa na benki ya watu wenye ubia, na mbia mmoja, William Devaynes, akafa mwaka 1809. Waliobaki wakaendelea na kazi, na mwaka uliofuata benki ikafilisika. Mteja aitwaye Clayton, ambaye alikuwa akiweka na kutoa fedha kama kawaida, akataka mali ya marehemu imlipe fedha alizokuwa nazo benki siku ya kifo. Jaji, Sir William Grant, akaamua kwamba kila Clayton alipotoa fedha baada ya kifo kile, alikuwa akitoa zile za kale kwanza. Kwa hiyo deni la siku za Devaynes lilikuwa limekwisha, na lililobaki ni la wale waliobaki hai. Mahindi ya Handeni na benki ya London ni vitu vya mbali, lakini swali ni lile lile: mbia akiondoka, deni la zamani limekwisha au halijaisha?

Mweka hazina wetu alikumbuka wazi kwamba fedha zile zilikuja na ujumbe wa simu uliosema ni za mzigo wa mwisho. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaruhusu ujumbe wa namna hiyo upokewe kuwa ushahidi. Tatizo ni kwamba simu ile ilikuwa imekwisha kuuzwa. Tukaomba taarifa kwa kampuni ya simu. Ikaonyesha kiasi na tarehe, haikuonyesha maneno. Wakati huo huo daftari letu wenyewe lilikuwa limeandika fedha zile chini ya mzigo wa kwanza, kwa kuwa karani aliona ndio mstari uliokuwa wazi. Msimamizi akasema, kwa upole, “Bwana Katibu, nyinyi mmekwisha kuchagua.” Basi shilingi 5,500,000 zote zikaufuta mzigo wa kwanza, zikapunguza shilingi 500,000 katika wa pili. Deni lisilo na ubishi likawa shilingi 3,500,000, na baada ya kukatwa nauli likawa 3,050,000.

Ulibaki mzigo wa tatu, magunia 85, shilingi 4,250,000. Hapo tulikuwa na hoja ambayo tuliiamini sana. Mbia akijitoa katika ubia, wale waliozoea kufanya biashara na ubia huo wana haki ya kumdai kama kwanza mpaka wapate habari ya kujitoa kwake. Tukasimama, tukasema kwamba hatukupata habari yoyote. Yule wa Korogwe hakubisha kwa maneno. Alitoa nakala ya barua aliyotuletea siku kumi na mbili kabla ya mzigo wa tatu, ikisema kwamba amejitoa. Juu yake palikuwa na muhuri wa kupokelea barua. Ulikuwa muhuri wetu.

Mabwana na mabibi, tulirudi tukaitafuta barua ile, tukaiona katika jalada la mialiko ya mikutano. Aliyeipokea aliigonga muhuri na kuiweka. Mtunza ghala, ambaye ndiye aliyehitaji kuisoma, hakuiona kamwe, akapakia magunia 85 kwa moyo mweupe. Katika miaka kumi hii hatukumbuki siku tuliyoona haya kuliko siku hiyo.

Tulidhani mambo yamekwisha, lakini msimamizi ndiye aliyefunua upande mwingine. Alituomba ile barua ya kwanza kabisa, ya kuagiza. Ubia ukivunjika, hauvunji ahadi zilizokwisha kuanza. Mbia aliyebaki ana uwezo wa kuzimaliza shughuli zilizoachwa katikati, na kwa hizo ubia wote hulazimika. Wabia walikuwa wameagiza magunia 240, wote wawili kwa sahihi zao. Walikwisha pokea 180. Basi magunia 60 ya mzigo wa tatu yalikuwa ukamilishaji wa agizo la zamani, na magunia 25 yaliyozidi yalikuwa biashara mpya ya mtu wa Handeni peke yake. Hapana mtu wetu hata mmoja aliyejumlisha 100 na 80 na 85 akaona kwamba yamepita 240. Msimamizi akaandika katika taarifa yake kwamba shilingi 3,000,000 ni deni la ubia, na shilingi 1,250,000 si la ubia. Neno lake si hukumu, bali mahakama ilisikiliza pande zote na kulithibitisha.

Shauri lile lilichukua miezi mingi, na watu wengi waliuliza kwa nini wadai wengine wanalipwa na sisi tunangoja. Haikuwa hivyo hasa. Lori na mashine vilipouzwa, msimamizi alilipa malipo ya kwanza ya senti 40 kwa kila shilingi kwa madai yaliyokubaliwa, nasi tukapata shilingi 1,220,000 kwa sehemu yetu isiyo na ubishi. Kwa sehemu yenye ubishi alitenga fedha za kutosha benki, asimpe mtu yeyote, ili tukishinda tuzikute na tukishindwa zigawanywe kwa wengine. Ndivyo ifanywavyo: deni lenye ubishi halilipwi wala halifutwi, hutengewa fungu. Mahakama ilipothibitisha, tulipewa shilingi 1,200,000 zilizokuwa zimetengwa. Malipo ya mwisho yalikuwa senti 20, yaani shilingi 1,210,000. Mali ya ubia ikaishia hapo, nasi tumepata shilingi 3,630,000 katika 6,050,000.

Tusisahau madeni ya upande wa pili, yaliyodaiwa na ubia. Mengi yalikuwa ya kusagisha kwa mkopo, nayo yaliandikwa kwa chaki juu ya mlango wa mashine. Msimamizi aliupiga picha mlango ule siku ya kwanza, kabla mvua haijaufikia. Baadhi ya wadeni walikuwa wanachama wetu. Wengine walisema wamekwisha kumlipa mbia wa Handeni, na ilipoonekana kwamba walimlipa baada ya tangazo la msimamizi kubandikwa, hawakuachiliwa, maana tangu siku ile fedha zilipaswa kupokewa na msimamizi tu. Maneno yalikuwa makali, na bibi mmoja mzee alituuliza kama chama ni chake au ni cha mahakama. Madeni madogo kabisa yaliachwa kwa idhini ya mahakama, kwa kuwa nauli ya kuyafuata ingekula zaidi ya yenyewe.

Shilingi 2,420,000 zilizobaki za deni la ubia tulikuwa na haki ya kuzidai katika mali ya wabia wenyewe, yeyote kati yao, maana katika ubia wa kawaida kila mbia hulazimika kwa deni lote. Lakini mali ya mtu binafsi hulipa kwanza madeni yake binafsi, kama vile mali ya ubia ilivyolipa kwanza madeni ya ubia. Mbia wa Korogwe ana shamba dogo la mkonge, na kila alipouza majani alituletea kiasi. Alikwisha lipa sehemu yote, ingawa angeweza kusema kwamba mwenziwe naye alipe nusu. Ugomvi huo wa nusu kwa nusu ni wao wawili, nasi hatukuuingilia.

Jambo gumu kuliko yote halikuwa mahakamani, lilikuwa hapa hapa katika mkutano mkuu. Fedha zilizopotea ni za nani? Wenye mahindi ya mzigo wa tatu walikuwa wamengoja misimu miwili, miongoni mwao mjane mwenye magunia manne na ada za shule. Wenye mahindi ya mizigo ya kwanza walikuwa wamekwisha kulipwa, na baadhi yao walisema kila mtu abebe bahati yake. Wazee walikumbusha habari za tarehe 14 Mei 1976, siku vyama vikuu vyote vilipovunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipoviruhusu kurudi, na jinsi mtu aliyekuwa akidai wakati ule alivyozunguka na stakabadhi mfukoni asijue amwendee nani. Mkutano ulikwenda mpaka jioni. Mwisho ilipigwa kura kwamba kosa lilikuwa la ofisi wala si la mwenye gunia, na wenye mzigo wa tatu wakalipwa kutoka mfuko wa akiba, kwa idhini ya Mrajis. Kura hazikutofautiana kwa nyingi. Sisi tuliona uamuzi ule ni wa haki, lakini hatuwalaumu waliopinga, kwa maana mfuko ule ni wao pia.

Tangu hapo kila barua iingiayo husomwa kwa sauti mbele ya karani na mtunza ghala kabla ya kupigwa muhuri, na hati ya kupokelea huonyesha jumla ya magunia yaliyokwisha kutoka katika agizo. Kila malipo ya simu huandikiwa stakabadhi inayotaja mzigo, na maneno ya ujumbe hunakiliwa siku ile ile.

Yako bado yale magunia 25. Mbia wa Handeni hakuyakana, alisema tu kwamba hana kitu. Dai la mkataba hufa baada ya miaka sita, lakini mdeni akikiri kwa maandishi na kutia sahihi, miaka huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Tulimwendea nyumbani kwake, hatukwenda na polisi wala na wakili, akatukaribisha vizuri, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anadaiwa, akatia sahihi. Amekwisha leta shilingi 400,000 kwa mara mbili. Ukurasa wake katika daftari kuu una tarehe ya sahihi ile kwa wino mwekundu, na chini yake tarehe ya kutimia miaka sita. Salio ni shilingi 850,000.